Fundi Aoge Kwanza

Bomba la bafuni lilimuuma Mama Tofali Jumatatu asubuhi, akiwa amejaa sabuni mpaka masikioni.

Halikumchoma wala halikumkata. Lilimuuma kama nyuki aumavyo, ghafla, kwenye vidole, kisha kitu kikapanda mkono mpaka kwenye kiwiko na kumwacha ameduwaa huku povu likimwingia machoni. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Alipopata kuona, akanyoosha kidole kimoja, akaligusa tena, kama mtu anayejaribu pasi. Likamuuma tena.

"Umeme," alisema kwa sauti, ingawa bafuni hamkuwa na mtu mwingine. "Umeme ndani ya maji yangu, ndani ya nyumba yangu!"

Alitoka na taulo, akazima swichi ya hita, akajisuuza kwa ndoo ya maji baridi huku meno yakigongana. Kisha akaketi kitandani. Kwanza alimshukuru Mungu kwamba alikuwa hai. Baada ya kushukuru, akakasirika.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, kwa cherehani yake ya kushona sare za shule. Watu walimwita Mama Tofali kwa sababu wengine wakirudi nyumbani na mkate, yeye alirudi na tofali. Aliyajua matofali yake kama mtu anavyojua meno yake. Mji ule ni wa baridi, na upande unaopigwa na upepo aliujengea ukuta wa tabaka mbili, wenye nafasi katikati. Majirani walimcheka, wakamuuliza kama anajenga nyumba au gereza. Msimu wa baridi ulipofika, wale wale walikuja kuegemea ukuta ule kwa ndani, wakisingizia kwamba wamekuja kumjulia hali.

Na yote hayo aliyafanya kwa ajili ya mtu mmoja. Mama yake mzazi alikuwa na baridi yabisi. Alikaa chumba cha kupanga chenye sakafu inayotoka unyevu, na kila asubuhi ilimchukua muda mrefu kukunjua vidole vyake kabla ya kuweza kushika kikombe. Daktari alisema maji ya moto kila siku yangemsaidia. Ndiyo maana bafu la nyumba ile lilikuwa na hita, na ukutani kulikuwa na chuma cha kushikilia ili bibi kizee asiteleze. Jumamosi ya wiki ile ile mama alikuwa anahamia. Angeingia bafuni miguu mitupu, angeshika chuma kwa mkono mmoja na bomba kwa mkono wa pili. Mama Tofali aliiona picha hiyo kichwani, akasimama.

Aliyefunga umeme wa nyumba alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Volti. Alifika mchana, mkoba wa vifaa begani na kicheko mdomoni, maana Volti hakuingia nyumba ya mtu bila kutanguliza kicheko.

"Shemeji! Nasikia bomba linakutongoza."

"Linaniuma."

"Ndivyo mapenzi yanavyoanza."

Mama Tofali hakucheka. Aliwasha hita, akafungua mlango wa bafu, akasimama pembeni kama askari. Volti akatoa bisibisi yake ya testa, akaigusisha kwenye bomba. Kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka, hafifu, rangi ya chungwa lililoiva. Akakitazama kidogo, akairudisha bisibisi mfukoni.

"Kidogo tu," alisema. "Hiyo ni salamu. Hita zote za bafuni zinasalimia. Kwani wewe unaogaje?"

"Naogaje? Kwa maji na sabuni, kama watu."

"Miguuni je?"

"Miguuni nina miguu, Shemeji. Unauliza nini?"

"Aa, kosa liko hapo! Unaoga miguu mitupu. Vaa ndala. Ndala za mpira, siyo za ngozi. Ukivaa ndala hutasikia kitu."

Mama Tofali alimwangalia kwa muda. Alitaka kuhakikisha kwamba masikio yake hayajaingiwa na sabuni.

"Hebu rudia."

"Ndala."

"Yaani mimi nijenge nyumba, nitie hita, halafu nioge kama mtu anayevuka tope, nisije nikafa?"

"Shemeji nawe! Watu wote wanavaa."

"Na mama?"

Volti alikuna shingo. "Mama naye atavaa."

"Mama vidole vyake vimepinda kama tangawizi. Ndala hazimkai. Akivaa ataanguka, asipovaa atapigwa na umeme. Niambie, mkwe mwema, tumchagulie lipi?"

"Basi mpashie maji jikoni. Kwani zamani tulikuwa tunaogaje?" Kicheko cha Volti kilikuwa kimeanza kupungua. "Na isitoshe, mimi nyumba hii nimeifunga ethi kwa mkono wangu. Ule waya wa kijani, unaouchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini. Nimeubana kwenye bomba la chuma pale nyuma, bomba linaloingia ardhini. Kazi yangu haina kasoro. Au unanikagua, shemeji?"

Neno kunikagua alilitamka kama mtu mwingine angetamka kunitukana. Na katika ukoo ule ndivyo lilivyokuwa. Paa la nyumba liliezekwa na fundi wa kuokota, na Mama Tofali alipanda ngazi mwenyewe akagusa kila msumari, mpaka fundi akambandika jina la Polisi. Lakini kazi ya ndugu haikaguliwi. Kazi ya ndugu unaipokea kwa mikono miwili, unasema asante, unampa chakula. Ukiuliza hiki kimefungwaje na kile kimeishia wapi, umemwambia kwamba si ndugu yako.

Volti alibeba mkoba wake akaondoka, na jioni dada mkubwa akapiga simu.

"Mdogo wangu, mume wangu ameacha kazi za watu, amekuja kwako, umemnunia."

"Dada, bomba langu lina umeme."

"Mbona sisi tunaoga na hatusemi?"

"Mnaoga na hamsemi nini?"

"Wewe tangu ujenge nyumba umekuwa na maneno," dada mkubwa akasema, akakata.

Usiku huo Mama Tofali alisali kwa shida. Kila alipofumba macho aliiona testa ikiwaka. Alimwambia Mungu waziwazi kwamba hasira anayo na hajui aiweke wapi, na kama ni dhambi basi aoneshwe ilipo dhambi yenyewe. Hakuoneshwa. Akalala nayo.

Jumatano ilikuwa siku ya kikundi cha sala cha akina mama. Wakati wa kutaja maombi ulipofika, alisimama akasema anaomba aombewe nyumba yake, kwa sababu maji yake yana umeme na mama yake anakuja kukaa.

Alitarajia watu washtuke. Badala yake chumba kizima kikachangamka.

"Hita, siyo?" alisema mama mwenye duka. "Yangu nikishika bomba inanitetemesha mpaka meno. Mimi nafungulia kwa mwiko."

"Mwiko wa mti?"

"Wa mti. Nimeutenga kabisa, haupiki tena."

"Mwiko unachosha," akasema mwingine. "Mimi naweka kipande cha ubao chini, nasimama juu yake. Mume wangu aliukata vizuri, una miguu midogo."

"Mimi nafunga bomba kwa kitambaa kikavu."

"Kikilowa je?"

"Kikilowa najua nimechelewa kazini!" Wakacheka wote, wengine mpaka wakafuta machozi.

Mwalimu mstaafu, mwenye hekima kuliko wote mle ndani, akatikisa kichwa. "Ndala tu zinatosha, akina mama. Msijitese. Mimi mwanangu alipoolewa nilimnunulia jozi ya ndala za bafuni kama zawadi, nikamwambia, hizi ndizo bima yako."

Mama Tofali aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wanawake wenye akili. Walikuwa wamelea watoto, wamezika waume, wamesimamisha biashara, na kila asubuhi ya Mungu walisimama juu ya vibao, na miiko mikononi, wakiyaogopa maji ya kunawia uso. Na walicheka.

"Aliyewafungia umeme ni nani?" aliuliza.

Walitazamana. "Si Volti?" akasema mama mwenye duka. "Mtaa huu kuna fundi mwingine? Halafu ni mtu mzuri, hana majivuno."

"Basi tuombe," akasema mwalimu mstaafu, akiinamisha kichwa. "Tumwombe Mungu ailinde nyumba ya mwenzetu."

"Tuombe, ndiyo," Mama Tofali akasema, na sauti yake ikawa juu kuliko alivyokusudia. "Lakini Mungu hakufunga waya hizo. Waya zimefungwa na mtu, na mtu huyo ana simu."

Siku iliyofuata, hakushona. Alizima swichi kuu, akavaa gauni la kazi, akafanya jambo ambalo katika ukoo wao lilikuwa karibu na wizi: akaikagua kazi ya ndugu. Aliuanza ule waya wa kijani pale unapotoka kwenye kisanduku cha swichi, akaufuata ukutani kwa kidole, maana wakati wa kujenga ni yeye aliyewashikia mafundi ngazi, na alikumbuka ulipita wapi kabla haujafunikwa na plasta. Ulipita juu ya mlango, ukashuka, ukatokea nje nyuma ya nyumba, na pale kweli ulikuwa umebanwa kwa kibanio safi kwenye bomba la chuma. Volti hakusema uongo.

Mama Tofali akapiga magoti, akaanza kufukua udongo kwa mikono kuzunguka lile bomba. Alitaka kuona linavyoingia ardhini.

Halikuingia. Chini kidogo ya udongo, kwa kiasi cha kiganja kimoja, chuma kiliisha. Kilikuwa kimekatwa, na kutoka hapo kwenda chini lilikuwa bomba jeusi la plastiki. Waya wa kijani, uliotakiwa kupeleka umeme ardhini, ulikuwa umebanwa kwenye kipande cha chuma kisichofika popote. Na plastiki haipitishi umeme. Hilo hata mtoto anayechezea chaja ya simu analijua.

Alibaki amepiga magoti pale, mikono imejaa udongo. Kisha akamwita Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake wa mwisho, fundi bomba, kijana mpole aliyeshika spana tangu ndevu hazijaota. Alikuja akaangalia shimo, akatabasamu.

"Eeh, hiyo ni kazi yangu, dada. Hukumbuki juzi juzi hapa maji yalivyokuwa yanatoka mekundu? Lile bomba la chini lilikuwa limeoza kwa kutu. Nikalitoa, nikaweka plastiki. Hii haiozi hata uje mwisho wa dunia."

"Na waya huu?"

"Niliukuta umebanwa kwenye chuma. Nikaufungua ili nikate, halafu nikaurudisha vizuri kwenye kipande kilichobaki. Sikuuacha unaning'inia."

"Ulijua ni waya wa nini?"

Kitinda akaanza kuufuta waya udongo.

"Nakuuliza, bwana mdogo. Ulijua?"

"Nilijua ni wa shemeji."

"Sasa kwa nini hukumuuliza?"

"Dada, nimuulizeje? Shemeji ni mkubwa wangu. Nikimuuliza waya wako una kazi gani, si ataona namkagua?"

Mmoja alifunga waya vizuri. Mwingine aliweka bomba vizuri. Kila mmoja alimheshimu mwenzake, akaenda zake, na kati ya heshima hizo mbili mama yao alikuwa achomwe kama kuku.

Alimpigia Volti, akamweleza. Volti alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema kwa upole, "Shemeji, wiki hii nimebanwa. Nitakuja nikipata nafasi. Wewe mvalishe mama ndala."

Jumamosi mama aliletwa na dada mkubwa na Volti kwa gari la kukodi, pamoja na kitanda chake na sufuria zake. Kitinda alikuwa amekwisha kufika. Walimketisha mama uani, juani, kwenye kiti chenye mito, na yeye akaiangalia nyumba kuanzia msingi mpaka paa, polepole, kama anayesoma.

"Mwanangu," alisema, "hii ni nyumba. Sasa nionesheni hayo maji ya moto niliyoahidiwa. Tangu jana sijaoga, nimeyatunzia nafasi."

Watu wakacheka. Volti akapiga makofi. "Kwanza tuibariki nyumba! Tusali, halafu mama aoge, halafu tule."

"Sala tutasali," Mama Tofali akasema. "Lakini siwezi kumwomba Mungu aushike waya kwa mkono wake, wakati wewe unayo mikono miwili na umekataa kuushika."

Kicheko kikakatika. Dada mkubwa akamvuta mdogo wake pembeni, lakini kwa sauti ya kusikika na wote. "Hutamwaibisha mume wangu mbele ya mama. Leo si siku yake. Hata kama kuna kitu kidogo, wakubwa wanasema lisilobudi hutendwa. Mvumilie."

"Wakubwa wanasema pia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi sitaki kulia, dada. Hasa sitaki kumlilia mama."

"Umeme wenyewe ni kidogo!" Volti akasema. Uso wake sasa ulikuwa umebadilika. "Mnanifanya kama muuaji. Nimefunga umeme nusu ya mtaa huu. Amekufa nani? Nitajieni mmoja!"

"Ni kidogo?"

"Kidogo! Ni salamu!"

"Vizuri." Mama Tofali akaenda kwenye kisanduku cha swichi, akawasha hita. Wote wakamfuata mpaka kwenye mlango wa bafu, hata mama alijikongoja akishikwa mkono na Kitinda. Mama Tofali akachukua ndoo, akamwaga maji sakafuni mpaka yakang'aa. Akageuka.

"Vua viatu, Shemeji."

"Nini?"

"Vua viatu na soksi. Simama hapo kwenye maji, kama atakavyosimama mama. Shika hicho chuma kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia fungua bomba. Kama ni salamu, isalimie, sisi tushuhudie."

Volti akamtazama, akatazama sakafu. Aibu ni kitu kibaya, inaweza kumtia mtu motoni huku anatabasamu. Alivua kiatu cha kwanza. Akavua cha pili. Akakunja suruali. Akainua mguu mmoja, mweupe kidogo vidoleni kwa kukaa sana kwenye viatu, na kuupeleka juu ya maji.

"Usiguse!"

Ilikuwa ni dada mkubwa. Alimrukia mumewe, akamshika shati kwa nyuma kwa nguvu mpaka kifungo kikatoka. "Usiguse, baba watoto, nakuomba! Juzi huo umeme uliniangusha mimi! Niliangukia ndoo, nikakwambia nimeteleza, hukumbuki? Sikuteleza!"

Volti alibaki na mguu hewani. Akaurudisha taratibu mahali pakavu.

"Kwetu?" aliuliza.

"Kwetu! Ndala zilikuwa zimekatika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mke wa Volti apigwe na umeme nyumbani kwa Volti? Ungesema nakukagua."

Mama Tofali akazima hita. Alikuwa amengoja kushinda, na ushindi ulipokuja hakuupenda hata kidogo. Dada yake alikuwa akilia huku ameshika kifungo cha shati mkononi.

Mama akakohoa. "Baba," alimwambia mkwewe bila ukali, "mimi nimekuja kuoga. Sikuja kuzikwa. Lete vifaa vyako."

Volti akafungua kisanduku cha swichi. Alifanya kazi kwa muda, kisha akasema, akiwa amewapa mgongo, "Kuna jingine." Akaonesha swichi pana iliyokuwa katikati, na nyaya mbili zilizopita kando yake bila kuigusa. "Hii ndiyo swichi ya usalama. Umeme ukivuja tu, inajizima yenyewe. Mimi niliiruka."

Mama Tofali alikumbuka. Hita ilipokuwa mpya, nyumba nzima ilikuwa ikizimika kila alipoingia kuoga. Alimwita Volti, Volti akaja, akaitibu kwa muda mfupi. Siku ile alimshukuru sana, akampikia.

"Kumbe ilikuwa inasema kweli," alisema. "Kila siku ilikuwa inaniambia, maji haya yana umeme, maji haya yana umeme. Wewe ukaja ukaiziba mdomo, na mimi nikakupa nyama!"

"Shemeji, ukiiacha, umeme unakatika kila siku. Mwenye nyumba anasema, Volti hajui kazi. Nikiiruka, taa zinawaka, mtu anafurahi, ananiita fundi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini inajizima. Wote wanataka iwake tu."

"Mimi nakuuliza."

"Naona."

Kazi ikaanza. Kitinda alitumwa kwenye duka la vifaa, akarudi na fimbo ndefu ya shaba ya kupigilia ardhini, na koili mpya ya hita, kile chuma kinachochemsha maji. Volti alichagua mahali karibu na ukuta, pakavu, penye nafasi ya kupigia nyundo. Mama Tofali akamhamisha mpaka pale maji ya kuogea yanapotokea, penye udongo unaokaa na unyevu. Volti alikiri kwamba hapo ni bora zaidi. Fimbo ilipofika nusu ikagonga jiwe.

"Tukate hapa," akasema Kitinda, jasho likimtiririka. "Si imeshaingia?"

"Ing'oe," Mama Tofali akasema. "Chimba pengine."

"Dada!"

"Kipande cha chuma kisichofika mahali ninacho tayari. Sihitaji cha pili."

Wakaing'oa, wakahamia pembeni, na mara hii ikazama yote mpaka kikabaki kichwa tu. Volti akaleta waya wa kijani, akaubana. Kisha akamwita Kitinda, akamwonesha kwa kidole unakotoka na unakokwenda, na kwa nini. Kitinda aliuliza maswali mengi. Alikuwa ameyaweka tumboni muda mrefu.

Swichi ya usalama ikarudishwa kazini. Walipowasha hita yenye koili ya zamani, ikajizima, tak. Wakaiwasha tena, tak. Volti aliitoa koili, akaigeuza juani, na wote wakaona ufa mwembamba kama unywele kwenye ngozi yake. Akaweka mpya. Swichi ikakaa. Akabonyeza kile kitufe kidogo cha kuijaribu, ikajizima vizuri, akaiwasha. "Kitufe hiki ubonyeze kila mwezi," alisema. "Siku isipojizima, usioge, niite." Testa ilipoguswa kwenye bomba, haikuwaka. Ilipoguswa kwenye chuma cha ukutani, haikuwaka.

"Imekwisha," akasema Volti, akifuta mikono. "Mama, karibu uoge."

"Hapana," Mama Tofali akasema. "Fundi aoge kwanza."

Alimpa taulo na sabuni. Volti alifungua mdomo kutafuta utani, hakuupata, akaingia akafunga mlango. Maji yakaanza kumwagika. Dada mkubwa alisimama nje, sikio karibu na ubao.

"Baba watoto?"

"Niko."

Maji yakaendelea.

"Bado upo?"

"Nipo, mke wangu, najipaka sabuni!"

"Umeshika bomba?"

"Nimelishika!"

"Na chuma?"

"Nimeshika vyote! Nina mikono miwili tu, unataka nishike na nini tena?"

"Mwambieni asiyamalize maji," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

Volti alitoka akifuka mvuke, nywele zimelala, akionekana mdogo kwa miaka. Mama akaingia akisindikizwa na binti zake wawili. Walimvua, wakamsimamisha, na miguu yake iliyopinda ikakanyaga sakafu yenye maji. Mama Tofali aliushika mkono wa mama, akauweka kwenye chuma, na moyo wake ukasimama pale pamoja na mkono ule. Mama akafungua bomba. Maji ya moto yakamshukia mabegani, akafumba macho, akasema tu, "Aa." Alikaa humo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Alipotoka, alikunjua vidole vyake mwenyewe akashika kikombe.

Ndipo wakasali. Volti aliombwa aongoze, akakataa, akasema leo yeye ataitikia tu. Baada ya kuitikia akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Unakwenda wapi?" Mama Tofali aliuliza.

"Nyumbani, shemeji. Chakula tutakula kesho. Nina bafu la kutengeneza kwangu."

"Na kwa mama mwenye duka?"

Volti akasimama.

"Anafungulia bomba kwa mwiko," Mama Tofali akasema. "Mwenzake anasimama juu ya kibao. Mwalimu amempa mwanawe ndala siku ya harusi. Wote wanakusifu, Shemeji, wanasema huna majivuno. Kwao utakwenda lini?"

"Shemeji, hizo ni nyumba nyingi. Nitawaambia nini? Kwamba mimi Volti...?"

"Utawaambia ulivyotuambia sisi hapa, ukiwa umetupa mgongo. Ukipenda, wape mgongo na wao. Ila swichi zifungue midomo."

Dada mkubwa alikuwa amekwisha kuibeba nyundo. Kitinda akabeba sepetu. Volti aliangalia uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta anayecheka. Hakumpata, akatia mkoba begani.

Mama Tofali alimwacha mama amejifunika blanketi kando ya ule ukuta wa tabaka mbili, akafunga kitambaa kichwani, akawafuata barabarani. Hasira yake ilikuwa imepungua kidogo tangu mama aliposema aa, na jambo hilo lilimtia wasiwasi. Alimjua Volti, na aliwajua wanawake wa mtaa wake: watamkaribisha, watacheka naye, watamwambia hapana haja, ndala zinatosha. Kwa hiyo alisali akitembea, midomo ikimchezacheza, akamwomba Mungu asimpe amani ya moyo mapema mno. Angalau wamalize mtaa kwanza.